Nilitema Managu

Ile klipu yangu ya managu mnaijua. Ile ya sufuria nyeusi na jiko la kuni, leso kiunoni, mimi nimekaa kwenye kigoda jikoni kwa kukhu hapo Naitiri nikiwaambia "wasichana wa tao hamjui chakula." Nikamega ugali, nikachota mboga, nikatia mdomoni, nikafunga macho kama mtu ameonyeshwa mbinguni. Hakuna kitu nimewahi kuweka kikaangaliwa kama hicho. Kuna mama alinitumia ujumbe kwamba amemwonyesha binti yake ajifunze kutoka kwangu.

Sasa wacha niseme. Nilitema. Simu ilipozimwa tu, nilitema yote kwenye karai la maji machafu, nikasukutua mdomo mara mbili, nikatafuna kipande cha ugali kikavu ili ule uchungu utoke kwa ulimi. Kukhu alikuwa amesimama mlangoni na kuni mkononi. Aliniangalia, akaingia, akaweka kuni chini, hakusema neno. Jioni nikashuka sokoni nikanunua chipo.

Mimi huchagua chakula. Niko na miaka 23 na bado nachagua chakula kama mtoto wa nasari. Nyanya yenye ngozi, hapana. Kitunguu nikikiona, nakitoa. Maharagwe yakikaa mazima, siwezi. Utando wa juu ya maziwa, tafadhali usinitajie. Mrenda ulikuwa ukiletwa mezani koo linafunga lenyewe, siyo mimi nimeliambia lifunge. Vitu nilivyokuwa nakula bila shida nilikuwa naweza kuvihesabu kwa vidole: ugali, chapo, chipo, mayai ya kukaanga, nyama isiyo na mafuta, smoki, mkate, chai. Chai nyingi.

Sijaandika hii ndio mnihurumie. Nimeandika kwa sababu nimekasirika, na nimekasirikia watu wengi kwa wakati mmoja, nikiwemo mimi mwenyewe na ile klipu.

Krismasi tulikuwa nyumbani wote. Mtoto wa dada yangu ana miaka sita. Akawekewa ugali na kuku, na pembeni mrenda. Akala ugali, akala kuku, mrenda akausukuma na kidole mpaka ukingoni mwa sahani. Mjomba mmoja akamwona. Hapo ndipo sherehe ikabadilika kuwa korti. "Kwetu chakula hakichaguliwi. Mchagua jembe si mkulima. Maliza hiyo, la sivyo unakaa hapo mpaka kesho." Mtoto akaangalia mama yake. Mama yake akaangalia chini. Watu wazima kumi na kitu wamemzunguka mtoto wa miaka sita kama wanatazama mechi. Akatia mdomoni. Akameza. Halafu akatapika, kuku na yote, kwenye nguo mpya ya Krismasi.

Na watu wakacheka, manze. Walicheka mpaka mwingine akapiga goti kwa mkono.

Mimi sikucheka. Mimi niliona kitu ninachokijua kwa sababu niliwahi kuwa kile kiti. Na niliona miaka kumi na saba inayomngoja huyo mtoto: kuficha chakula mfukoni, kusema "nimeshiba" wakati tumbo linalia, kwenda harusini ukiomba Mungu kusiwe na mtu wa kukuwekea sahani.

Twende pole pole kwa yale maneno huwa tunaambiwa.

La kwanza: "Njaa haijakupata." Hili ndilo la nguvu, na nusu yake nakubali. Mtu ambaye hana chochote hana nafasi ya kutoa vitunguu kwa sahani. Najua. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu karo ilikataa kabisa, kwa hivyo usinifundishe vile mfuko mtupu unakaa. Lakini mnadhani njaa haijanipata? Nimesoma bweni miaka minne. Wakileta githeri nilikuwa natoa maharagwe moja moja, nakula mahindi, na nikimaliza mahindi chakula kimeisha. Sukuma yangu nilikuwa nabadilishana na msichana mmoja kwa nusu mkate. Usiku saa nne njaa inanipata kila siku bila kukosa, na haikunifundisha kula sukuma. Ilinifundisha kuficha mkate ndani ya boksi. Kama njaa ingekuwa mwalimu mzuri hivyo mnavyosema, shule za bweni za nchi hii zingekuwa zinatoa watu wanaopenda mboga. Si mnajua zinatoa nini. Zinatoa watu ambao wakisikia harufu ya kabeji iliyochemshwa wanashikwa na kichefuchefu mpaka wazeeke.

La pili: "Unajifanya mzungu." Hapa ndipo nilianza kuchunguza, na nikapata vitu vya kuchekesha sana.

Huyo mjomba wa "mchagua jembe si mkulima," mimi namjua. Mwezi wa pili anaenda Kitale kununua mbegu. Kitale ndiko Kenya Seed ilianzia mwaka 1956, na mbegu za mahindi chotara zimekuwa zikiuzwa kwa wakulima wa huku tangu miaka ya 1960. Mjomba akifika dukani haombi "mbegu." Anaomba kwa namba. Anataka 614, na ukimpa nyingine anarudisha, anauliza inachukua miezi mingapi, inavumilia nini, gunzi lake linakaaje. Anachagua jembe, anachagua mbegu, anachagua mbolea, anachagua mpaka kiti cha matatu. Kitu asichokubali kuchaguliwa ni mboga kwa sahani ya mtoto.

Halafu kuna hii ya kuku. Sisi ni watu wa Bungoma, tunajulikana Kenya nzima kwa kuku. Basi muulize kukhu wako kuhusu kuku. Mimi niliuliza wangu. Zamani kwetu na kwa Waluhya wengi, mwanamke hakuwa anakula kuku. Mayai pia. Alikuwa anafuga, anachinjiwa, ananyonyoa, anapika, anapeleka mezani, na hapo safari yake inaishia. Wanaume ndio wanakula. Kukhu aliniambia alionja kuku akiwa ameshaolewa na ana watoto. Sasa jamii nzima ikiamua kwamba nusu ya watu hawatakula kuku, hiyo inaitwa mila. Mtoto mmoja akiamua hatakula mrenda, hiyo inaitwa dharau. Nani alikuwa anachagua zaidi hapo?

Na hiyo hadithi ya kula kila kitu kama mababu, samahani, mababu hawakuwa wanakula kila kitu. Hii ndiyo sehemu inanitoa moshi kwa masikio, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Chukua managu. Ni machungu, kila mtu anajua. Sasa angalia vile wazee wetu walikuwa wanayapika, siyo vile mimi niliyapika siku ya klipu kwa dakika kumi na mafuta ya karatasi. Unachemsha, unaweka maziwa, unaacha kwa chungu mpaka kesho, unapasha, unaongeza maziwa, unaacha tena. Siku ya pili au ya tatu ule uchungu umetulia. Managu hayapikwi peke yake pia, yanachanganywa na mboga nyingine ili moja ibebe ukali wa mwenzake. Mrenda unachanganywa na kunde. Saga inalainishwa na maziwa. Na ile munyu, yaani maji yanayochujwa kwenye majivu ya maganda makavu ya maharagwe, kazi yake ni nini? Kulainisha. Majani magumu ya kunde yanakuwa laini, na mrenda unaiva haraka.

Sasa niambieni. Kama watu wa zamani walikuwa wanakula tu bila kuchagua, nani alikuwa anahangaika kuchoma maganda, kutoboa chungu, kuchuja majivu tone kwa tone, ili mboga tu ilainike? Nani aligundua kwamba ukiacha managu na maziwa siku mbili yanakuwa matamu? Ni mtu aliyeonja akasema, hapana, hii siwezi. Kisha mtu mwingine, badala ya kumcheka, akaenda kutafuta maziwa. Jikoni kwetu kote kumejengwa na watu waliochagua chakula na watu waliowasikiliza. Sisi tumebaki na mboga tukatupa ile subira, halafu tunalaumu ulimi wa mtoto.

Na ulimi si sawa kwa kila mtu, hili si jambo la kubishana. Mwaka 1931 kuna mkemia Mmarekani anaitwa Arthur Fox alikuwa anamimina unga fulani wa kemikali maabarani, unga ukaruka hewani. Mwenzake akalalamika kwamba ni mchungu vibaya. Fox mwenyewe hakusikia ladha yoyote. Wakaanza kuwaonjesha watu wengine, wakakuta wengine wanasikia uchungu mkali na wengine hawasikii kitu, na baadaye ikajulikana kwamba hiyo tofauti unazaliwa nayo. Watu wanaosikia huo uchungu ndio mara nyingi wanaona kabeji na sukuma ni kali. Kwa hivyo unapomwambia mtoto "hiyo si chungu, unadanganya," huenda nyote wawili mnasema ukweli.

Pia kuna hili: watu wanaochunguza vile watoto hula wamesema kwa miaka mingi sasa kwamba chakula kipya hakikubaliki mara ya kwanza. Mtoto anaweza kuhitaji kukionja mara nane, kumi, hata kumi na tano. Kuonja, siyo kumaliza sahani. Mrenda wa Krismasi aliopewa yule mtoto ulikuwa mara ya pili au ya tatu maishani mwake, na sasa kwa kichwa chake mrenda ni matapishi na watu wanacheka. Mjomba alidhani anamfundisha kula. Amemrudisha nyuma ya sifuri.

La tatu nitalipitia haraka kwa sababu halistahili muda: "Utaolewa wapi?" Sijui. Pahali hawalazimishi omena.

Sasa wacha nigeuke upande wa pili, kwa wenzangu wa kazi hii ya kontenti, kwa sababu msidhani mtatoka salama. Nyinyi wa "badilisha lishe yako kwa siku 21." Nyinyi wa smudhi ya kijani, mbegu za chia, kinoa, maziwa ya lozi, parachichi juu ya mkate wa kahawia uliokatwa kama picha ya hoteli. Mnaongea na nani? Mimi nimetembea soko la Kitale kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine, lozi sijaona. Terere imejaa, ndizi zimejaa, malenge yamejaa, parachichi linauzwa bei ya kutupa msimu wake, na nyinyi mnamwambia msichana wa Kiminini kwamba afya yake iko ndani ya pakiti kutoka duka kubwa la Nairobi. Halafu akishindwa kununua anarudi kwa smoki pasua akijua moyoni kwamba kula vizuri ni ya matajiri.

Na kuna ile nyingine mbaya zaidi, ambayo ni yangu. Ya kujifanya mtoto wa ushago. Leso, moshi, "chakula cha mababu," na baada ya hapo unatema kwa karai. Sisi tulioifanya hiyo tumedhuru zaidi ya watu wa kinoa, kwa sababu mtu wa kinoa huwezi kumwamini tangu mwanzo. Mimi mliniamini. Kuna binti mahali ameonyeshwa klipu yangu akaambiwa "ona mwenzako," na yeye sasa anafikiri ni yeye peke yake ulimwenguni anasikia managu ni machungu. Binti, kama unasoma hii, hata mimi nilisikia.

Vile nilipata kuamka ni hivi. Mwezi wa nane, miezi minne hivi baada ya klipu, nilikuwa Kitale, napanda ngazi za jengo ninakopanga chumba, ghorofa ya tatu. Nikaona ngazi zimekuwa mbili mbili. Nikajikuta nimekaa chini na jirani ananipepea na gazeti. Nilikuwa nimechoka miezi, nilidhani ni mawazo ya chuo. Nikaenda nikapimwa damu. 8.2. Daktari akaniambia mwanamke wa umri wangu anafaa kuwa na 12 kwenda juu. Akauliza nakula nini. Nikaanza kutaja, na nikiwa katikati ya kutaja nikasikia aibu, kwa sababu vyakula vyote nilivyotaja vilikuwa rangi moja. Ya kahawia inayokaribia njano. Ugali peke yake ndio ulikuwa mweupe.

Akaniuliza, "Na chai?" Nikasema na kila chakula. Akaniambia chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwa mboga na maharagwe, niiache ikae kando, angalau saa moja. Hii iliniuma kuliko sindano. Mimi ni mtu wa magharibi, unaninyima chai na chakula kwa wakati mmoja, nimebaki na nini?

Jambo moja nililomshukuru huyo daktari: hakucheka. Hakuniambia njaa haijanipata. Alinipa vidonge vya madini ya chuma, na akauliza swali ambalo miaka yangu yote hakuna mtu aliwahi kuniuliza. "Kati ya mboga zote, gani unaichukia kidogo zaidi?"

Nikafikiria. Terere. Haina uchungu, haitelezi.

Basi nikaanza na terere, siyo kwa sababu nimebadilika, kwa sababu nimeogopa. Nilianza na kijiko kimoja. Nikaikatakata mpaka ikawa kama majani ya chai, nikaikandia ndani ya unga wa chapo. Chapo ikatoka na madoa ya kijani. Nikala nimefunga macho, na wakati huu hakukuwa na kamera. Wiki iliyofuata vijiko viwili. Halafu kwenye mayai. Halafu siku moja nikaikaanga peke yake, kidogo tu kama ya kuku wa kienyeji mdogo, nikakamulia limau juu, kwa sababu limau linasaidia hayo madini kuingia mwilini, na pia kwa sababu linafunika ladha, tusidanganyane. Maharagwe nilianza kuyaponda yakawa uji mzito wa kuchovya chapo. Shida yangu haikuwa maharagwe, ilikuwa ile ngozi. Miaka ishirini na tatu nikiitwa mkaidi kwa sababu ya ngozi, na dawa ilikuwa mwiko na dakika tano.

Msinielewe vibaya. Terere haikuniponya. Vidonge ndivyo vilipandisha damu haraka, majani peke yake hayafanyi huo muujiza, na mtu akikuambia unaweza kuacha dawa za hospitali unywe juisi ya terere, mkimbie. Terere ilichofanya ni kwamba vidonge vikiisha nisirudi pale pale. Damu yangu mara ya mwisho ilikuwa 11.6. Bado haijafika.

Na managu? Nilirudi Naitiri mwezi wa kumi nikamwambia kukhu ukweli. Nilimwambia nilitema. Akasema, "Nilikuona." Nikamuuliza mbona hukusema kitu. Akasema alidhani ni vile siku hizi watu wanapiga picha. Halafu akacheka, akaniambia wewe uliyapika mabichi, hata mimi ningetema. Akayapika yeye, na maziwa, siku mbili. Siku ya pili nikaonja ncha ya kijiko. Sitawaambia ilikuwa tamu. Ilikuwa kitu ninachoweza kumeza bila kupigana na koo langu. Kwangu mimi hiyo ni habari kubwa kuliko yale mamilioni ya kuangaliwa ambayo sikupata.

Mnajua mtu gani anafaa kuwa kwa vitabu vya shule? Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa JKUAT, mtu wa huku kwetu magharibi. Akiwa mtoto, maziwa, mayai na samaki vilikuwa vinamdhuru, akaambiwa aviache, akabaki na mboga za kienyeji za mama na nyanya yake. Alipofika kusomea kilimo akakuta zile mboga zilizomlea zinahesabiwa magugu. Akazifanyia utafiti maisha yake yote mpaka Umoja wa Afrika ukamtunza mwaka 2010. Ule mwanzo usiupite haraka. Alikuwa mtoto ambaye kuna vyakula havimfai, na pale nyumbani kwao hawakumfungia mezani na yai mpaka kesho. Walimpikia kitu kingine vizuri. Najua mzio si sawa na kuchagua, mimi sina mzio wa nyanya. Nasema tu vile watu wa nyumba moja walivyoamua kumtendea mtoto asiyekula kama wengine.

Sasa nyinyi wenzangu mnaochagua, njooni hapa karibu, tuongee kando hawa wengine wasisikie.

Tuache kujificha. Kuna siku nilikuwa naona fahari kusema "mimi sili mboga," kama ni kabila. Nikiwekewa sahani nasema na cheko, watu wanacheka, imeisha. Na kuna jina la kidaktari la watu ambao kukwepa chakula kumewazidi mpaka mwili unadhoofika. Limeingia kwenye kitabu cha madaktari wa akili cha Marekani mwaka 2013, na najua kuna mtu anasoma hii ameshajipachika. Kama unakonda, kama unazimia, kama huwezi kukaa na watu wakila, nenda hospitali, siyo aibu na siyo utani. Lakini kama ni wewe kama mimi, unakula chipo siku sita kwa wiki na unasema "ndivyo nilivyo," hapana. Serikali ilipofanya utafiti wa nchi nzima mwaka 2015 ilikuta zaidi ya Wakenya 9 kati ya 10 hawafikishi matunda na mboga zinazofaa kwa siku. Yaani hata hao wanaotucheka wengi wao hawali. Mjomba wangu mwenyewe mboga anaimung'unya tu pembeni, sahani yake ni mlima wa ugali na mfupa. Shirika la Afya Duniani linasema gramu 400 kwa siku. Mimi sijafika. Nikipima vizuri labda nimefika nusu, na ndizi zikiwemo.

Omena bado siwezi. Ina macho. Nimejaribu mara tatu na mara zote imeniangalia kwanza.

Lakini nimechagua moja, nikaichinja polepole kwa njia yangu, halafu nyingine. Hivyo tu. Usianze na mrenda kwa sababu mtu amekuambia ndiyo mboga ya kwenu. Anza na ile unayoichukia kidogo zaidi, kijiko kimoja, ndani ya kitu unachokipenda, na mtu akikuuliza unafanya nini mwambie anyamaze.

Ile klipu nimeitoa. Wengine mmeniandikia mkiuliza iko wapi, jibu ndilo hili.

Na Krismasi haikuishia pale kwa matapishi. Jioni watu wakiwa nje wanapiga hadithi, nilimchukua yule mtoto jikoni. Mrenda ulikuwa umebaki kidogo kwa sufuria. Nikamwambia hakuna kula leo. Nikachovya ncha ya kidole changu, nikalamba, uso wangu ukajikunja wenyewe, akacheka sana. Nikamwambia mimi pia siupendi. Alinyamaza kidogo, nadhani hakuwa amewahi kusikia mtu mkubwa akisema hivyo. Kisha akachovya kidole chake, kidogo kabisa, akagusisha kwa ulimi.

"Unateleza," akasema.

"Ndiyo."

"Siutaki."

Nikafunika sufuria, tukaenda nje kuangalia wenzake wakicheza.